Mkanda haupotei ulingoni tu: kazi ya Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi



Ukiuliza vijana wa hapa mjini, iwe Makiso, iwe Mangobo, ngumi na Congo vilikutana wapi, karibu wote watakujibu: Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, Ali na Foreman. Jibu ni la kweli. Lakini tuangalie vizuri. Wale wawili wote walikuwa Wamarekani. Sisi tulitoa uwanja na sauti za kushangilia, kisha mabwana wakapanda ndege wakarudi kwao.

Mwaka ule kulikuwa na kijana mmoja wa miaka 18, mzaliwa wa Lubumbashi, ambaye miaka 13 baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia yeye mwenyewe. Anaitwa Sumbu Kalambay. Nimeuliza jina lake kwa wenzangu wengi, watu wenye lisansi mkononi, na wengi wananiambia: "Uyu ni nani?"

Basi leo nataka kueleza kazi yake. Siyo kwa kumsifu tu. Kazi yake inaonyesha wazi kuliko nyingine ninazozijua namna ushampioni unavyojengwa, nani anashika ufunguo wa mlango, na namna mtu anaweza kupokonywa cheo bila kupigwa hata ngumi moja. Sisi tunaozunguka na bahasha za CV toka bilo moja kwenda nyingine, jambo hili linatuhusu kabisa.

KWANZA: NGUMI ZA KULIPWA NI KAZI YA NAMNA GANI?

Kuna ngumi za ridhaa na ngumi za kulipwa. Kwenye ridhaa nchi ndiyo inakutuma, unavaa rangi za bendera, ukishinda unapewa medali. Kwenye kulipwa hakuna anayekutuma. Wewe mwenyewe ni kampuni, na mali yako ya kuuza ni mwili wako na rekodi yako, yaani mapambano uliyoshinda na uliyopoteza.

Kampuni hiyo ina watu wake. Meneja anakutafutia mapambano na kutazama kontra. Kocha anakufundisha. Promota ndiye anakodi ukumbi, anauza tiketi, anazungumza na televisheni, na mwisho ndiye anatoa pesa. Wengi wanafikiri bondia akitangaziwa dola 10,000 anarudi nazo nyumbani. Hapana. Tuchukue mfano wa hesabu tu: meneja anaweza kuchukua mpaka theluthi, tuseme 3,300. Kocha asilimia 10, yaani 1,000. Kama ni pambano la ubingwa, shirika lenye mkanda linakata sehemu yake, tuseme asilimia 3, yaani 300. Zimebaki 5,400, na bado haujalipa kodi ya serikali, chakula cha miezi ya mazoezi, na wale uliowalipa wakusaidie kujifua. Tena pambano kubwa linakuja labda mara mbili au tatu kwa mwaka. Ukivunjika mkono, mwaka umekwisha.

Njo maana nasema ni kazi, siyo mchezo.

TOKA ZAIRE MPAKA ITALIA

Kalambay alizaliwa tarehe 10 Aprili 1956. Alijifunza ngumi kwetu, kwenye ridhaa, wakati nchi ikiitwa Zaire. Mwaka 1980 alianza kazi ya kulipwa huko Italia, akakaa upande wa mashariki wa nchi ile, kwenye mkoa wa Marche, karibu na mji wa bandari wa Ancona. Waitalia walimpa jina jingine, Patrizio, na baadaye alikuwa raia wao.

Kwa nini kule na siyo hapa? Si kwa sababu vijana wetu walikosa nguvu. Ngumi za kulipwa zinahitaji mambo matatu kwa pamoja: promota mwenye mtaji, televisheni inayolipa, na wapinzani wengi wa uzito wako wanaopatikana kwa bei ya kawaida. Italia ya miaka ile ilikuwa na vyote vitatu. Kwetu bondia mzuri angeweza kukaa miezi na miezi bila kupata wa kupigana naye. Mtu mwenye kipaji bila soko ni kama sisi wenye diplome kwenye mji usioajiri: ubora wako upo, lakini hakuna anayeupima.

Uzito wake ulikuwa uzito wa kati, kikomo kilo 72 na nusu hivi. Mtindo wake watu wengi waliufananisha na wa Ali: miguu myepesi, ngumi ya kushoto iliyonyooka inayomfikia mpinzani mapema, kichwa kinachoondoka kabla ngumi haijafika. Hakuwa mtu wa kubomoa. Alikuwa mtu wa kuhesabu. Raundi baada ya raundi anakuibia pointi, mwisho unajikuta umepoteza bila kujua ilikuwa saa ngapi.

Ushindi mwingi wa mwanzo ulikuwa kwenye miji ya Italia ambayo sisi hatuijui. Njia ile ni ya polepole. Mwezi Desemba 1985, miaka mitano baada ya kuanza, alipata nafasi ya kupigania ubingwa wa Ulaya. Na mpinzani wake alikuwa nani? Ayub Kalule, Mganda aliyekuwa anaishi Denmark, mtu aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito ulio chini yake toka 1979 mpaka alipopigwa na Sugar Ray Leonard mwaka 1981. Hebu fikirini jambo hilo: mzaliwa wa Lubumbashi na mtoto wa Uganda wanagombea ubingwa wa Ulaya, pale Ancona. Majaji watatu hawakukubaliana, lakini wengi walimpa Kalule. Kalambay akapoteza.

Alikuwa na miaka 29. Kwa bondia huo si umri wa kitoto. Wengi wangesema imetosha.

LONDON, 26 MEI 1987

Alipata nafasi nyingine mwaka mmoja na nusu baadaye. Safari hii mkanda wa Ulaya ulikuwa kwa Herol Graham, Mwingereza ambaye hakuwa amewahi kupoteza pambano hata moja. Graham alikuwa kama moshi: unapiga, hayupo. Pambano lilikuwa Wembley, nyumbani kwake, mbele ya watu wake.

Kalambay alishinda kwa pointi, na majaji wote walikubaliana.

Hapo ndipo inabidi nieleze jambo ambalo watu wengi hawalielewi kuhusu ngumi, kwa sababu bila hilo hutaelewa yaliyomfikia baadaye.

BILO NYINGI, MIKANDA MINGI

Kwenye mpira wa miguu bingwa wa dunia ni mmoja. Kwenye ngumi kuna mashirika, na kila moja lina mkanda wake, orodha yake, na sheria zake. WBA ndiyo ya zamani kuliko zote; mizizi yake ni ya mwaka 1921. WBC ilizaliwa 1963. IBF ikaja 1983, WBO ikaja 1988. Kwa hiyo kwenye uzito mmoja unaweza kukuta mabingwa wanne, kila mmoja anasema yeye ndiye.

Kila shirika linaandika orodha ya wapinzani. Aliye wa kwanza kwenye orodha anaitwa mpinzani wa lazima. Bingwa akipita muda bila kukutana naye, au akichagua pambano jingine lenye pesa nyingi, shirika lina haki ya kumvua mkanda. Hakuna ulingo hapo, hakuna raundi. Ni barua tu.

Mwaka 1987 barua ya namna hiyo ilimpata Marvin Hagler, Mmarekani aliyetawala uzito wa kati miaka mingi. Hagler alichagua kupigana na Sugar Ray Leonard, pambano lenye pesa kubwa. WBA ikamvua mkanda wake. Mtu aliyekuwa kwenye foleni ya WBA alikuwa Graham. Lakini Graham alikwisha kupigwa London na Kalambay. Foleni ikabadilika. Tarehe 23 Oktoba 1987, mji wa Livorno, Italia, Kalambay alipanda ulingoni dhidi ya Iran Barkley, kijana mgumu wa New York, kugombea mkanda ulioachwa wazi. Akashinda kwa pointi. Bingwa wa dunia.

Shikeni jambo hilo: mlango ulimfungukia kwa sababu bilo ilimvua mtu mwingine.

MWAKA WA DHAHABU

Kuna mabingwa wa bahati, wanaopata mkanda wazi na kuupoteza mara moja. Kalambay hakuwa hivyo. Tarehe 5 Machi 1988, huko Pesaro, alikutana na Mike McCallum wa Jamaika. McCallum hakuwa amepoteza hata pambano moja, na mabingwa wengine walikuwa wanamkwepa waziwazi. Kalambay alimshinda kwa pointi, akawa mtu wa kwanza kumfundisha McCallum neno kushindwa. Mwezi Juni akamshinda Robbie Sims, ndugu ya Hagler kwa upande wa mama, huko Ravenna. Mwezi Novemba, Monte Carlo, akamwangusha Doug DeWitt kwenye raundi ya 7.

Graham, Barkley, McCallum, Sims, DeWitt, ndani ya miezi 18. Mpaka leo wanaojua ngumi wakiitazama orodha hiyo wanatingisha kichwa kwa heshima.

TUITAZAME BOLINGI KIDOGO

Mtu atauliza: hakuna michezo ambayo mambo ni safi zaidi, ambayo ubora peke yake unatosha? Nilitafuta mfano, nikaupata kwenye mchezo ambao sisi hapa Tshopo hatuna hata ukumbi wake: bolingi ya pini kumi.

Pale Marekani bolingi ni kazi ya kulipwa. Unasukuma tufe lisilozidi kilo 7 na robo hivi, juu ya njia ya mita 18 iliyopakwa mafuta, kuangusha pini kumi zilizosimama mwisho. Hakuna jaji wa kukupa pointi kwa kupendezwa na mtindo wako. Pini ikianguka imeanguka, ikisimama imesimama. Mchezo mkamilifu ni pointi 300, yaani kuangusha zote kwa mtupo mmoja, mara 12 mfululizo. Mwaka 1958 mwanasheria wa Akron, Ohio, jina lake Eddie Elias, aliwakusanya wachezaji wakaanzisha shirika moja la kulipwa, PBA. Ndani yake akatokea Earl Anthony, mtu wa mkono wa kushoto aliyeanza bolingi akiwa na miaka 21 hivi. Aliingia kwenye mashindano ya kulipwa mwaka 1963, hakupata kitu, akarudi kazini na mazoezini miaka kadhaa, akashinda taji la kwanza mwaka 1970. Mwaka 1975 alikuwa mchezaji wa kwanza wa bolingi kupata zaidi ya dola 100,000 kwa msimu mmoja, na mwaka 1982 wa kwanza kufikisha milioni moja kwa kazi yake yote.

Safi kabisa, si ndiyo? Lakini ngoja. Shirika kubwa la bolingi la Marekani lilikuwa na sheria iliyoandikwa kwamba wanachama ni wanaume weupe tu. Sheria ile iliondolewa mwaka 1950. Na Mmarekani mweusi wa kwanza kushinda taji la PBA, George Branham III, alishinda mwaka 1986, yaani miaka 36 baadaye.

Kwa hiyo hata mchezo usio na jaji bado una mlinzi wa mlango. Pini hazijui rangi yako, lakini mwenye ukumbi anaijua. Tofauti ya ngumi ni kwamba mlinzi yuko mlangoni, tena yuko ndani ya ukumbi, na anaendelea kukutazama hata ukiwa umekwisha kuvaa mkanda.

BARUA, KISHA SEKUNDE 88

Turudi kwa Kalambay. Mwanzoni mwa 1989 alikuwa na njia mbili. Ya kwanza: kupigana na mpinzani aliyepangwa na WBA, kulinda mkanda, pesa za kawaida. Ya pili: kwenda Las Vegas kupigana na Michael Nunn, kijana Mmarekani aliyekuwa bingwa wa IBF. Hiyo ya pili ilikuwa bingwa kwa bingwa, mbele ya televisheni ya Marekani. Pambano la namna hiyo ndilo linajibu swali la kweli: nani mkubwa?

Alichagua Nunn. WBA ikamvua mkanda.

Ona sasa: sheria ileile iliyomvua Hagler na kumfungulia yeye, miaka miwili haijatimia, imemvua yeye. Bilo haikuwa na chuki naye, na haikuwa na upendo naye alipopanda. Ilikuwa inatumia sheria yake.

Na pambano lenyewe? Tarehe 25 Machi 1989, raundi ya kwanza, Nunn, bondia wa mkono wa kushoto, alirusha ngumi moja ya kushoto ikampata Kalambay kwenye kidevu. Alianguka chali, akajaribu kuinuka, mwili ukakataa. Sekunde 88 tangu kengele ilie. Jarida la The Ring la Marekani liliipa ngumi ile cheo cha kumaliza pambano bora la mwaka.

Ukitafuta jina la Kalambay leo, video ya kwanza watu wanayokutumia ni hiyo. Miezi 18 ya kazi safi dhidi ya watu wagumu wa dunia, na watu wanakumbuka sekunde 88. Mimi hilo linaniuma. Lakini ndivyo soko linavyoweka kumbukumbu: linatunza kilichouzika.

BAADA YA KUANGUKA

Hapa ndipo ninapompenda zaidi. Alikuwa karibu na miaka 33, mkanda umekwenda, jina limechafuka kwa ngumi moja. Hakuanza kupigana na watu dhaifu ili apate pesa za mwisho. Mwaka 1990 alirudi kuwa bingwa wa Ulaya. Tarehe 1 Aprili 1991, Monte Carlo, alikutana tena na McCallum, ambaye sasa ndiye alikuwa na mkanda wa WBA, uleule. Majaji waligawanyika na McCallum akapita kwa tofauti ndogo. Mwezi Oktoba 1992, akiwa na miaka 36, alimshinda Steve Collins wa Ireland, mtu ambaye baadaye aliwapiga Chris Eubank na Nigel Benn. Alimaliza mwezi Mei 1993, Leicester, Uingereza, aliposhindwa kwa pointi na Chris Pyatt kwenye pambano la mkanda wa WBO. Mapambano 64: ushindi 57, kushindwa 6, sare 1.

Kushindwa mara sita kwa miaka 13, na nyingi kwenye mapambano makubwa. Hiyo ndiyo rekodi ya mtu aliyekuwa hakimbii.

NA SISI TULIOBAKI?

Miaka 32 baada ya Livorno, mkanda mwingine ulipigwa nyumbani. Tarehe 31 Januari 2020, Kinshasa, Ilunga Makabu, mwana wa Kasai aliyejengea kazi yake Afrika Kusini, alimshinda Michał Cieślak wa Poland akachukua mkanda wa WBC. Miaka minne kabla yake, Liverpool, aliugombea mkanda huo akaangushwa na Tony Bellew kwenye raundi ya 3. Aliushika miaka mitatu, mpaka Badou Jack alipomshinda Saudi Arabia mwezi Februari 2023. Tazama njia yake: ni ileile ya Kalambay. Kutoka nje, kupoteza nafasi ya kwanza, kurudi. Tofauti ni kwamba safari hii kuna aliyelipa gharama ili pambano lije kwetu.

Kijana wa Kisangani mwenye kipaji bado ana kilomita zaidi ya 1,700 za mto kabla hajafika Kinshasa, na Kinshasa yenyewe ni mwanzo tu. Sisemi hivyo ili tukate tamaa. Nasema ili tuhesabu vizuri.

Pale Wagenia, wavuvi hawashindani na maji ya mto kwa nguvu. Hakuna mtu mwenye nguvu hiyo. Wanasoma maji yanapita wapi, wanasimamisha miti yao pale, wanatega kikapu. Ujuzi wa kuogelea ni lazima, lakini anayekula samaki ni yule anayejua mkondo.

Kwa hiyo ndugu yangu, dada yangu, kabla ya kusaini kontra yoyote, iwe ya ngumi, iwe ya shirika, iwe ya staji isiyolipa, uliza maswali ambayo kazi ya Kalambay inatuachia. Cheo hiki ni mali ya nani, yangu au ya aliyenipa? Sheria gani imenifungulia mlango, na je, sheria hiyohiyo inaweza kunitoa? Kwenye pesa zinazotangazwa, zitakazofika nyumbani ni ngapi? Na nikiangushwa kwa sekunde 88, nina kazi gani mkononi ya kunirudisha?

Swali la mwisho Kalambay alilijibu kwa miaka minne mizima, pambano kwa pambano. Mkanda wa WBA haukurudi kwake tena. Lakini wa Ulaya alirudi akauchukua, na huo hakuupewa kwa barua.